Shikamoo ya Mlangoni mwa Hema

Duka la Mikate
14 Januari

Mwanangu Kiguu-na-Njia,

Nakuandikia kwa mikono yenye unga, kwa hiyo ukiona alama za vidole pembeni mwa karatasi usidhani nimejifunza kuchora. Huku sote wazima. Baba yako mzima pia, ila sikio la kushoto limestaafu kabisa na la kulia linafanya kazi likipenda. Kila asubuhi anaweka kiti chake karibu na mlango wa duka, anasalimiana na wateja, halafu anawaambia mkate wa jana ulikuwa mzuri zaidi. Namwambia, kaka, unanifukuzia watu. Anasema hajasikia. Paka wetu amezaa ndani ya kapu la mifuko, na kwa kuwa hakuna mwenye moyo wa kumhamisha, wateja wanabeba mikate kwapani.

Barua yako ya mwisho niliisoma kwa sauti pale kaunta, maana unajua baba yako simu haimfai na mimi mwenyewe sipendi kuongea na kitu kisicho na uso. Pale ulipoeleza lile pito la pili huko mlimani, jinsi upepo unavyokoma ghafla mkifika juu, na wewe unakaa juu ya jiwe kuwasubiri wa mwisho, mteja mmoja alisahau mkate wake akaondoka mikono mitupu. Baba yako akasema nirudie. Nikarudia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na ukae chini kwanza. Nimejiandikisha ofisini kwenu. Safari ya mapito matatu, ile ya mwezi wa sita. Nilimwandikia yule Mama Mkuu wa ofisi, wala sikumwambia mimi ni nani wako. Nilisema tu mimi ni mwoka mikate, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye miguu mizima, na kwamba nimesikia sifa za kiongozi wao mmoja mrefu mwenye pengo. Akanijibu kwa adabu sana kwamba nitapangiwa huyohuyo.

Usianze kupiga kelele. Nimekulea tangu mama yako alipotutoka, hujajua hata kufunga kamba za viatu. Nilikufundisha kukanda unga, nikasema moyoni, haya, tanuri limepata mwenyewe. Ukaenda mlimani kwa msimu mmoja tu, ukasema. Msimu huo sasa unaingia mwaka wa tisa. Sikulaumu. Nataka kuona kwa macho yangu huo mlima ulioninyang'anya mtoto, niusalimie, tujuane.

Baba yako anakusalimu. Nilipomwambia naenda mlimani akasema, "Sokoni? Niletee sabuni."

Mimi,
Shangazi yako

*

Kambi ya Chini
6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwamkie na Baba, umwamkie kwenye sikio la kulia. Mimi mzima na wenzangu wote wazima. Barua yako ilifika nikiwa juu na wageni, Mpishi wetu akaihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai isije ikalowa. Imenifikia ikinukia vizuri kuliko mimi. Huyu Mpishi ndiye anayeongozana nami kila safari, na kwa vituko vyako ninavyomsimulia, anakuona kama mtu wa kwao.

Nilianza kusoma nimesimama, nikakaa mwenyewe bila kuambiwa tena. Shangazi! Umenizunguka mpaka ofisini kwangu! Mama Mkuu alisoma maneno yako mbele ya watu, na sasa wapagazi wote wananiita Pengo.

Sikukatazi. Hakuna aliyewahi kukukataza jambo akafanikiwa. Naomba tu ujue unachokiendea. Mapito ni zile njia za juu zinazopenya katikati ya vilele. Unapanda siku nzima, unavuka, unateremka upande wa pili, unalala, unaanza tena. La kwanza ni refu lakini lina huruma. La pili ndilo la juu kuliko yote. La tatu watu hulimaliza kwa sababu tu nyumbani kuko upande ule. Huko juu pumzi ni haba. Nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakianguka, na bibi mwembamba akapita huku anaimba. Ugonjwa wa juu haujali umebeba magunia mangapi ya unga maishani. Kichwa kinaanza kugonga, chakula kinakataa kukaa tumboni, kisha miguu inaanza kukosea njia, na wengine mapafu yanajaa maji. Mwenye dalili hizo anateremshwa palepale. Asipoteremshwa anaweza kufa, na mimi nimeshuhudia.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla watu hawajanywa chai, kiongozi anapita hema kwa hema. Anamtoa kila mtu nje kwenye mwanga. Anamuuliza kichwa kikoje, amekula nini, amelalaje. Anamtazama macho na midomo. Anamtembeza kwenye mstari, kisigino cha mguu huu mbele ya vidole vya ule. Anayeficha anajiponza na kuwaponza wenzake. Kwa hiyo niahidi utaniambia kweli. Mlimani mimi si mtoto wako, Shangazi. Nikisema shuka, unashuka, hata kama ni wewe uliyenifuta makamasi.

Anza kupanda ngazi kila siku. Nunua viatu sasa hivi, uvizoee, usije navyo vipya vikakuchuna miguu.

Wako,
Kiguu-na-Njia, almaarufu Pengo

*

Duka la Mikate
1 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote na paka wanne wadogo. Baba yako hajambo. Wiki iliyopita alianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka mzaha ambao mwenzake alikuwa ameumaliza zamani. Ulikuwa ndiyo kwanza umemfikia.

Viatu nimenunua. Vizito kama matofali. Navivaa mbele ya tanuri tangu asubuhi, na wateja wakiona aproni juu na mabuti chini hawaulizi kitu, wanachukua mkate wao kwa heshima. Ngazi ninapanda kwenye lile jengo refu la ofisi mbele ya duka. Siku ya kwanza nilibeba nusu gunia la unga mgongoni. Mlinzi akanizuia. "Mama, unahamia?" Nikamwambia, hapana, napanda mlima. Aliniangalia, akaniangalia tena, akanifungulia mlango polepole kama mtu asiyetaka ugomvi. Sasa tumezoeana. Nikishuka ananiuliza kama kileleni kuna baridi.

Ahadi unayotaka unayo. Mlimani wewe baba, mimi mtoto. Ukisema shuka, nitashuka. Nimeapa mbele ya baba yako, ingawa yeye alidhani tunazungumzia sabuni.

Nikifika huko tutaongea pia habari za tanuri. Si kwa haraka. Miguu yangu ya kupandia ni mizima, ila ya kusimama tangu alfajiri imeanza kuninung'unikia, na baba yako hawezi kunyanyua trei bila kuchungulia kwanza kama kuna anayemtazama. Tutaongea.

Halafu huyo Mpishi hujasema ni mwanamke au mwanaume. Kama ni binti, ana mchumba? Kama ni mzee mwenzangu, mpe tu salamu.

Shangazi

*

Kambi ya Chini
20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mpishi ni mzee mwenye wajukuu na kitambi, salamu zimefika.

Naandika mbiombio, wageni wanasubiri. Lete soksi nzito na usisahau miwani ya jua. Kofia usinunue, nimekutafutia moja ya sufu, nyekundu, ili nikuone hata ukiwa mbali.

Nimekuwa nikiongoza wageni miaka yote hii bila mtu wa nyumbani kuona ninachofanya. Juzi nimejikuta nafagia njia kambini. Mpishi akauliza nafagia nini, mlima? Nina furaha na nina hofu, hata sijui ipi inatangulia.

Njoo salama.

*

Mjini
11 Julai

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umefika nyumbani ukapumzika, na kwamba yule daktari wa hospitali ya chini ya mlima alisema kweli kuwa mapafu yamesafika kabisa. Kunywa maji. Usinyanyue trei. Mwambie Baba anyanyue, hata kama kuna wanaomtazama.

Mimi niko salama. Kazi inaendelea. Kwa sasa ofisi imenipa nafasi ya kukaa mjini kidogo, kuna stoo ya mahema inayohitaji kupangwa, na ni mapumziko mazuri pia kwa magoti. Chumba nilichopewa kina dirisha na meza, ndiyo maana mwandiko umenyooka.

Hakuna jipya. Wape wote salamu.

Wako

*

Duka la Mikate
3 Agosti

Mwanangu,

Tumepokea barua yako, tumefurahi, na mapafu ni masafi kama chupa. Baba yako ananyanyua trei. Amekwishadondosha mbili na sasa ndiye anayeniomba nirudi kazini.

Hakuna jipya, umeandika. Sawa. Basi jipya nitakupa mimi. Mpishi wenu alipita hapa Jumamosi akienda likizo kwao. Alikula mikate mitatu, akamsifia baba yako kwa kiti chake kizuri, halafu akaweka kikombe chini akanieleza yote. Kwamba umesimamishwa kazi. Kwamba hiyo stoo ya mahema ni adhabu ya kungojea kikao. Kwamba kikao kikiamua vibaya leseni yako itachukuliwa, na hakuna kampuni nyingine itakayokupa hata mbuzi wa kuongoza. Na kwamba ofisini umesema hukunikagua asubuhi ile, umebeba lawama peke yako ukanyamaza.

Ngoja sasa tukumbushane, maana tangu siku ile mimi na wewe hatujaitaja. Pito la kwanza nilivuka, wewe shahidi, na nilikuwa mbele ya yule bwana mwenye kamera. Tukalala chini ya la pili. Jioni hiyo kichwa kikaanza kugonga kama mtu anapasua kuni ndani yake. Chakula cha Mpishi nilikirudisha chote. Nilikirudishia ndani ya kofia yako nyekundu, nikaifunga, nikaificha chini ya mfuko wa kulalia. Asubuhi ukaja, ukachutama mlangoni mwa hema.

"Shikamoo Shangazi. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu, nimeamka salama. Na wewe?"

"Salama. Kichwa hakisumbui?"

"Hakina neno."

Ukaenda zako kwa wengine. Ningejibu nini? Mtu akikuamkia unaitikia, habari za asubuhi ni nzuri hata kama nyumba inaungua, matatizo yanafuata baadaye. Lakini nisijitetee sana. Nilijua pia ukijua utanishusha, na jiwe lako la kukalia lilikuwa pale juu, nilishaanza kuliona. Vyote viwili ni kweli.

Katikati ya mpando nikaanza kuliamuru jabali litoe mikate kabla haijaungua, ndivyo alivyoniambia Mpishi, mimi sikumbuki. Nakumbuka mgongo wako. Nakumbuka unakimbia na mimi mgongoni kuteremka, unalia, unaniita jina la utotoni ambalo ni wewe tu uliyekuwa ukiniita, na wapagazi wanataka kukupokea nawe hutaki kuniachia. Msafara mzima ukageuka nyuma kwa ajili yangu, na yule bwana wa kamera ndiye aliyekushtaki. Hilo nalo nimelijua kwa Mpishi.

Uliniuliza na nikakudanganya. Kwa nini husemi?

Shangazi yako

*

Mjini
19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwandikia Mpishi kumshukuru kwa mdomo wake mpana. Natumaini Baba hajambo na trei zimebaki za kutosha.

Ni kweli yote. Ila usiseme nilikuuliza. Hilo nimelifikiria sana hapa stoo, mahema hayana maneno mengi. Wageni wengine asubuhi ile niliwatoa nje mmoja mmoja. Niliwatazama midomo, niliwatembeza kwenye mstari. Yule bwana wa kamera nilimrudisha mara mbili mpaka akanuna. Wewe nilichutama nje macho chini, kama nilivyokuwa nikichutama mlangoni mwa chumba chako kabla ya kwenda shule. Mtoto anayemwamkia mkubwa hamkodolei macho kutafuta midomo ina rangi gani. Ukaitika marahaba nikaridhika, kwa sababu tangu nilipopata akili, marahaba yako ikishatoka mambo yote yako sawa. Sikukuuliza, Shangazi. Nilikuamkia. Ningekutoa kwenye mwanga ningeona kwa mtazamo mmoja, na ungekuwa chini kabla ya chai.

Kikao ni mwisho wa Septemba. Watataka nijibu kama mteja aliulizwa akaficha. Siwezi kusimama mbele ya meza ya watu wazima nikatamka kwamba shangazi yangu ni mwongo. Ulimi utagoma. Na wewe usiwaandikie, nakuomba, sitaki jina lako lipitishwe midomoni mwao.

Halafu kuna jambo jingine. Pengo hili la kazini huenda ni la heri. Nimechoka, Shangazi. Kikao kikiisha, vyovyote kitakavyoamua, narudi nyumbani. Nitasimama mimi mbele ya tanuri na wewe utakaa kwenye kiti kando ya Baba, mgombane mchana kutwa. Si ndicho ulichotaka kuja kuniambia? Tulisema tutaongea, hatukuongea. Basi tumeongea.

Mwanao

*

Duka la Mikate
2 Septemba

Mwanangu, mwanangu!

Barua yako nimeisoma nikaiweka ndani ya aproni na sijaitoa. Karibu nyumbani. Nimehamisha magunia kutoka chumba cha nyuma, nimepiga rangi ya maziwa, nimenunua kitanda kirefu kwa sababu miguu yako ilikuwa inatokeza kwenye kile cha zamani. Baba yako ameambiwa na amesikia mara ya kwanza. Wateja wote wamejua.

Usijisumbue na hayo mambo ya kikao. Yatapita. Wewe njoo.

Shangazi yako mwenye furaha

*

Mjini
14 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Asante kwa kitanda na rangi. Mimi niko salama kabisa.

Nimeanza kugawa vitu. Mabuti nimempa mpagazi mmoja, yanamkaa vizuri. Mfuko wa kulalia nimempa Mpishi. Stoo imepangika, kila hema lina namba yake. Kutoka dirishani pito la kwanza linaonekana asubuhi kama hakuna mawingu, kwa hiyo nimesogeza meza upande wa pili, kule mwanga hauumizi macho. Wageni wa mwezi huu ni wengi. Wanaondoka mapema, nawasikia wakicheka uani wakati wa kufunga mizigo, halafu kunakuwa kimya.

Nafurahi kurudi. Nimesahau kidogo vipimo vya hamira, itabidi unifundishe upya. Hakuna jingine. Kila kitu kiko sawa.

Mwanao

*

Duka la Mikate
4 Oktoba

Mwanangu Kiguu-na-Njia,

Nimefika salama, basi lilikuwa na kiti kizuri na jirani asiyeongea. Baba yako aliachiwa duka na hakuungua wala hakuunguza, ila aliwaambia wateja wote mkate wangu ni mzuri zaidi kwa hiyo wasubiri nirudi. Hakuuza kitu. Ni mara ya kwanza kunisifia na imeniponza.

Siku ya kikao tulitoka tukatembea mpaka kituo cha basi umenishika mkono, na tukaongea habari za basi tu. Basi litachelewa, basi limejaa, basi hilo. Sikuweza kusema pale. Nasema hapa.

Uliposema unarudi, nilifurahi. Sikufurahi kwa sababu umepumzika au umepata akili. Nilifurahi kwamba mlima umekutapika. Nilijua nikikaa kimya utanyang'anywa leseni, na ukinyang'anywa utakuwa wangu. Mpishi alinieleza, wewe ukanieleza, nilijua vizuri sana. Nikapaka rangi chumba huku naimba. Wewe ulinikataza nisiwaandikie kwa sababu unaniheshimu, na mimi nilitii kwa sababu inanifaa. Mungu anisamehe, sijawahi kuwa mtiifu hivyo.

Kisha ikaja barua yako ya mahema yenye namba. Niliisoma kwa sauti kama kawaida. Baba yako akaegesha lile sikio lake, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Huyu mtoto anaumwa." Nikamwambia, kaka, ameandika yuko salama kabisa, maneno haya hapa. Akasema, "Mimi sisikii maneno siku hizi, nasikia mtu. Huyu anaumwa." Akavuta kiti chake akakaa, hakumsalimia mteja hata mmoja siku ile.

Nikaisoma tena peke yangu, polepole. Meza uliyoigeuza isitazame mlima. Mabuti. Wageni wanaocheka uani. Nikaona ndiyo, wewe pia unaitikia tu.

Ndiyo maana nilipanda basi nikaja kikaoni bila kukuambia, ukashtuka nilipoingia kwenye kile chumba chenye meza ndefu. Ulisimama, ukainamisha kichwa, ukaniamkia mbele ya wale wakubwa wote, na mimi nikakuitikia, halafu nikamgeukia Mama Mkuu kabla moyo haujalegea. Nilimwambia kijana huyu aliniuliza kuhusu kichwa, nikasema hakina neno. Nikamwambia na habari ya kofia. Yule bwana mnene wa mwisho wa meza aliacha kunywa maji. Wakaniuliza kwa nini nilificha, nikasema kwa sababu mimi ni mkubwa na yeye ni mtoto, na wakubwa hatushushwi na watoto. Aibu niliyoipata nilikuwa nimeinunulia tiketi mwenyewe, sikuona sababu ya kuirudisha.

Na wewe, mjinga wangu, ukafungua mdomo kusema eti hukuuliza, uliamkia tu! Nilitamani nikufinye. Bahati nzuri Mama Mkuu ana akili. Aliposema utarudi kazini chini ya kiongozi mwingine mpaka msimu uishe, na kwamba kuanzia sasa hakuna kiongozi atakayeongoza ndugu yake wa damu, nilikutazama uso. Nilikutazama kama unavyowatazama wageni wako, macho na midomo. Niliona damu inarudi. Miaka tisa nilikuwa namtafuta anayekushikilia huko, nikampata kwenye chumba kile. Ni wewe mwenyewe, mwanangu. Hakuna aliyekunyang'anya.

Sasa sikiliza. Huna kazi tena kwenye tanuri. Yupo mjane mmoja wa mtaa wa nyuma, mikono yake ina nguvu kuliko yangu, ameanza nami juzi na unga unamtii. Nimemwambia akishajua vizuri, tanuri ni lake na langu nusu kwa nusu, na nikifa ni lake. Nimeiandika sentensi hiyo nikalia sana, nikajifuta kwa aproni, unga ukaingia machoni, nikalia upya. Lakini sijaifuta.

Mdai yule mpagazi mabuti yako, au mwachie hayo na wewe ununue mapya, mtajua wenyewe.

Kitanda kirefu kipo. Baba yako anakilalia mchana, anasema anakipasha joto. Msimu ukifungwa, njoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia, na mimi nataka kupona. Utakaa kadiri utakavyoweza, utatusimulia mpaka wateja wasahau mikate yao, na ukianza kutazama dirishani sitajifanya sijaona. Nitaamka mapema, nitakuokea mkate mkubwa wa njiani, na nitakusindikiza mpaka kituoni mimi mwenyewe.

Shangazi yako